Hodi ya Volti Nane

Mimi ni mtu wa nyumbani, na nalisema hili mapema ili asije mtu akanitangaza. Wenzangu niliosoma nao sekondari walipenda mpira, ngoma na safari za lori. Mimi nilipenda kiti changu. Kilikuwa kiti cha kamba chenye mgongo mrefu, na mke wangu alikuwa akisema kwamba siku nitakapokufa watu wasihangaike na jeneza, wanizike nacho tu, maana tumeshazoeana.

Kiti hicho kilikaa sebuleni katika kota ya karani, kwenye mgodi mmoja mdogo wa dhahabu ng'ambo ya Bugarama ukielekea Geita, miaka ile kabla ya vita vya pili. Kota ilikuwa na vyumba viwili, bati juu, na taa moja ya stimu. Mbele ya uwanja tulipanda ua wa minyaa, na nyuma ya ua, hatua arobaini tu, kilisimama kinu cha kuponda mawe. Vyuma vyake vilipanda na kushuka tangu alfajiri, Jumapili na sikukuu, na sisi wa kota za chini tulijifunza kusemezana kama watu wanaogombana. Hata mambo ya kunong'onezana tulinong'onezana kwa kupiga kelele. Wazungu walikaa kilimani, ambako upepo uliwaonea huruma.

Sasa mama yangu alikuwa amepoteza sauti. Mwaka uliotangulia aliugua koo, akapona, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono, kama pumba zinapopetwa. Alikuwa ametoka kwetu Samuye kuja kukaa kwa dada yangu, aliyeolewa kijiji cha jirani na mgodi, mwendo wa saa moja kwa miguu. Na Jumapili moja, asubuhi, mama akautembea mwendo huo peke yake kuja kuniona.

Mimi nilikuwa kitini. Mke wangu alikuwa kisimani. Aliporudi alikuwa na ndoo kichwani na kikapu mkononi.

"Baba watoto, nani kaleta michembe?"

"Michembe gani?"

"Hii. Nimeikuta pale kwenye ua."

Nilikitambua kikapu kabla sijaitazama michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Mshikio wake ulikuwa umeshonwa kwa ukanda wa kanga nyekundu, na mshono ule ulikuwa wa mama. Alifika, akasimama kwenye ua ambapo watu wote husimama, akabisha hodi. Akangoja. Hakusikia karibu. Akaweka kikapu chini, akageuka, akarudi na jua lile lile lililomleta.

Nilikwenda kwa dada kesho yake baada ya kazi. Mama alikuwa barazani akibangua karanga.

"Shikamoo, mayu," nikasema. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma chetu.

"Marahaba. Michembe umeipata?"

"Nimeipata. Mbona hukuingia?"

"Nilibisha hodi mara tatu."

"Ningekusikiaje, na kinu kile?"

"Hayo sijui. Mimi nilibisha. Nyumba haikuitika."

"Si ungegonga mlango, mama."

Aliacha karanga akanitazama. "Anayegonga mlango ni askari wa kodi. Wewe umenikosea nini hata nije kukugongea?"

Dada yangu akaingilia kutoka jikoni. "Nimemwambia tufuatane, mimi nimbishie. Hataki."

"Hodi haiazimwi," mama akanong'ona. "Nitabisha yangu. Karanga hizi zikiisha narudi Samuye. Nyumba yake ikipata masikio kabla ya hapo, aniambie."

Nilitazama magunia ya karanga. Yalikuwa manne na nusu, na mama alikuwa na vidole vyepesi. Nilirudi mgodini nikiwa na hasira, wala hasira yenyewe haikuwa juu yake. Nilikuwa na hasira na kinu, na kota iliyojengwa pale kwa kuwa ilidhaniwa masikio ya karani mweusi hayana kazi nyingine, na zaidi na kile kiti changu. Nikasema moyoni kwamba mama ataingia nyumbani mwangu kwa mlango, kwa heshima yake yote, kwa hodi yake mwenyewe, hata kama itabidi nisimame.

Kule shuleni mwalimu wetu alituchorea ubaoni kengele ya umeme. Nilikumbuka picha, na nilikumbuka kwamba katika mtihani nilipata alama ya chini. Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wa mashine, Msumbwa mmoja mpole aliyekuwa rafiki yangu. Yeye hakuwahi kukaa darasani, lakini mashine ya stimu ilimtii kama mbwa.

"Kengele hailingani na taa," akaniambia. "Taa inakula volti mia mbili na ishirini. Kengele ukiipa hizo inaungua, na wewe pamoja nayo. Inataka tatu, tano, hivi."

"Zinapatikana wapi hizo tatu?"

"Una njia mbili. Betri kavu, au kile kisanduku cha kupunguza stimu. Transfoma."

Betri nilizikataa palepale. Betri hufa kimyakimya bila kuaga, na mimi nilijua yangu ingekufa usiku wa kuamkia siku ya mama.

"Basi transfoma," fundi akasema. "Na bahati yako stimu yetu inakwenda na kurudi. Kule Shinyanga kwenye kinu cha pamba, yao inakwenda upande mmoja tu. Ukifunga transfoma pale, haitoi kitu, inachemka mpaka inatoa moshi."

"Inakwenda na kurudi namna gani?"

"Kama wewe na ofisi. Hujafika vizuri, unatamani kurudi."

Nikapanda lori kwenda Shinyanga, mimi niliyekuwa nikiugua nikifika tu njia panda. Sitasimulia safari ile. Nilikaa juu ya ngozi za ng'ombe mbichi, na mpaka leo nikiona ngozi natafuta mahali pa kushika.

Duka lilikuwa mtaa wa Ngokolo. Mwenye duka alikuwa Mwislamu wa mjini, babu yake alitoka pwani, bibi yake alikuwa Msukuma, naye alikuwa na ulimi wa pande zote mbili. Aliniwekea transfoma mbili mezani. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, inameremeta. Nyingine ilikuwa ndogo kama kopo la chai, imejaa vumbi.

"Chukua hii kubwa," akasema. "Mtu mzima hanunui kitu kidogo."

Niliigeuza nikasoma ubavuni. "Hii ya mia na kumi. Kwetu ni mia mbili na ishirini."

"Namba tu hizo, karani."

"Nikiifunga hii, mzee wangu, nitapikia ugali juu yake."

Akacheka. Nikaifuta ile ndogo vumbi. Upande mmoja ilikuwa na skrubu mbili, zimeandikwa mia mbili na ishirini. Upande wa pili ilikuwa na skrubu tatu, na kati yake namba ndogo: tatu, tano, nane. Ukifunga nyaya zako kwenye skrubu hizi unapata volti tatu, ukihamisha unapata tano, na zile za pembeni kabisa hukupa nane. Ndani hakuna kinachozunguka. Kuna waya mwembamba na waya mnene, zimezungushwa kwenye chuma kimoja bila kugusana, kama mtu na mama mkwe wake.

Mwenye duka aliniletea kengele na kitufe, kisha akaegemea meza. "Sasa niambie ukweli. Kengele ya mlangoni ni ya kumwitia boi. Wewe una boi?"

"Ninaye. Ndiye mimi."

"Na anayekuita nani?"

"Mama yangu. Hana sauti."

Akakirudisha rafuni kile kitufe cha mbao, akanitolea kingine cha kaure nyeupe. "Chukua hiki," akasema. "Hakiozi, na kinaonekana na macho ya mtu mzima."

Kufunga kulikuwa kazi ya Jumapili moja. Fundi alizima stimu ya safu yetu yote, majirani wakatoka nje kuuliza, wakabaki kutazama. Nilipigilia transfoma ukutani juu, mbali na mikono. Kutoka kwenye njia ya taa tukavuta nyaya mbili nene mpaka zile skrubu za mia mbili na ishirini, na fundi akanipiga kofi la mkono kila nilipotaka kuzifunga upande mwingine.

"Ukigeuza," akasema, "badala ya kupunguza itazidisha. Mama yako atabonyeza, utamzika."

Baada ya hapo nikawa na mkono mzito kama wa mzee. Nikaanza na volti tatu. Waya mmoja ukatoka kwenye transfoma kwenda kwenye kengele, kutoka kwenye kengele kwenda kwenye kitufe, na mwingine ukarudi kutoka kwenye kitufe mpaka kwenye transfoma. Kidole kikibonyeza, duara linafungika, kengele inalia. Kitufe nilikipigilia kwenye mwimo wa mlango, upande wa nje, panapofikiwa na mtu mfupi.

Mke wangu hakuamini kwamba haina madhara. Nikazishika ncha za nyaya zile za volti tatu kwa vidole. Akasema vidole vyangu ni vigumu. Nikaziweka ulimini.

"Unasikia nini?"

"Kama nimelamba senti," nikajibu.

"Tangu leo jina lako ni Mzee Senti," akasema, na majirani wakaliokota jina hilo wakaenda nalo.

Kengele ililia vizuri kabisa. Nikakaa kitini nikingoja mgeni wa kwanza. Nilimngoja siku tano. Siku ya sita mke wangu alikuwa akifagia, akamkuta jirani yetu, mama wa makamo, amesimama kwenye ua, uso umemvimba kwa kupiga kelele.

"Hodi," yule mama akawa anasema kwa nguvu zote. "Hodi hapa. Naomba ruhusa nije nibonyeze kengele."

Nilipoambiwa nilipandwa na ghadhabu. Nikasema watu wa mgodi huu hawastahili maendeleo. Mke wangu aliacha niseme mpaka nikachoka.

"Kitufe chako kiko ndani ya nyumba," akasema.

"Kiko nje. Si unakiona."

"Kiko kwenye mwimo. Mtu akishagusa mwimo wa nyumba yako ameingia. Nani aliyemkaribisha? Wewe mama yako unamjua au humjui? Hata minyaa hakuivuka."

Ilikuwa kweli tupu. Mimi, msomi, nilikuwa nimeiga picha ya ubaoni, na ile picha ilichorwa na watu ambao mgeni wao huja mpaka mlangoni ndipo aanze kujieleza. Wetu hujieleza kwanza, akiwa mbali. Nilikuwa nimetengeneza hodi ambayo lazima uibishie hodi.

Nikang'oa kitufe. Nikachimbia nguzo ya mninga kwenye upenyo wa ua, pale pale mke wangu alipookota kikapu na aibu yangu, nikafunga kitufe kwenye nguzo na kibati kidogo juu yake cha kuzuia mvua. Waya niliupitisha ardhini ndani ya matete, hatua ishirini na tano. Nikabonyeza. Mke wangu akatoka ndani akatikisa kichwa.

"Imekohoa tu," akasema.

Fundi alinieleza kwamba stimu ndogo huchoka njiani kama sisi sote. Nikahamisha nyaya kwenye volti tano. Ikagugumia. Nikahamisha kwenye nane. Hapo ikalia, na ililia juu ya kinu, kwa sababu kinu kilikuwa nje na kengele ilikuwa ndani, karibu na sikio.

Karanga zilikuwa zimebaki gunia moja. Nikampelekea dada habari: mwambie mama nyumba ina masikio, na yako kwenye ua.

Lakini nguzo ya mninga yenye kitufe cheupe huonekana kutoka barabarani. Jumatano bwana mzungu mmoja, msimamizi wa stimu ya mgodi, akasimamisha farasi.

"Hii nini?"

"Kengele, bwana."

"Kengele kwa nyumba ya juu. Karani napata taa moja. Moja tu. Jumamosi mimi narudi, hii hapana kuwa hapa."

Nikasema, "Ndiyo, bwana," kwa sababu mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Lakini nilipofika kitini nikagundua kwamba mdomo ndio uliokubali. Mimi mwenyewe sikuwa nimekubali hata kidogo. Nilifikiri juu ya mama akisimama penye nguzo iliyong'olewa, shimo tu limebaki, na nikajua kwamba sitaing'oa, liwalo na liwe.

Fundi alikuja Ijumaa kunionya. "Utafukuzwa wewe."

"Nikifukuzwa nitakaa nyumbani. Unadhani hiyo ni adhabu kwangu?"

"Nyumba yenyewe ni ya mgodi."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Ila kuna jambo jingine nililikumbuka. Amri ile ya taa moja niliipiga chapa mimi mwenyewe, ofisini, nakala sita. Na haikusema taa. Ilisema kila nyumba ya karani itapata kifaa kimoja cha stimu.

Jumamosi bwana alipofika nilikuwa nimesimama mlangoni, viatu miguuni, shati limefungwa mpaka shingoni. Akaonyesha nguzo kwa kiboko.

"Bado iko."

"Bado iko, bwana, na itabaki. Karibu ndani utazame."

Nadhani aliingia kwa mshangao. Nikamwonyesha dari. Taa haikuwapo. Nilikuwa nimeitoa glopu, nikaondoa kishikio chake, nikaziba tundu kwa gunzi la muhindi. Mezani palikuwa na kibatari.

"Amri inasema kifaa kimoja, bwana. Nimechagua kengele."

Aliitazama dari, akakitazama kibatari, akanitazama mimi. Nilingoja aniulize nani kanifundisha kusoma. Hakuuliza. Alitoka, na alipofika kwenye nguzo akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja, kengele ikalia ndani, akabonyeza tena.

"Basi kaa giza," akasema.

"Ndiyo, bwana," nikajibu, na safari hii mimi na mdomo wangu tulikuwa kitu kimoja.

Mke wangu alisema ameolewa na mtu pekee katika mgodi mzima mwenye transfoma na kibatari. Alisema hivyo kwa kila aliyepita. Lakini gunzi hakuligusa.

Mama alikuja Jumanne ya sikukuu. Sikujua siku atakayokuja, naye hakuwa mtu wa kutuma habari. Mke wangu alikuwa tena kisimani, maana mambo yangu makubwa yote yametokea akiwa kisimani. Nilikuwa kitini, miguu mitupu, gazeti la mwezi uliopita usoni.

Kengele ikalia mara moja, kwa ufupi, kama mtu anayesafisha koo.

"Karibu," nikasema.

Ikapita nafasi, ile nafasi ambayo mtu mwenye adabu humpa mwenye nyumba avae. Ikalia tena.

"Karibu, karibu ndani," nikapaza sauti, nikakunja gazeti.

Ikalia mara ya tatu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nijibu pale pale nilipokaa, ndipo nikasikia kinu. Nilikisikia kama siku ya kwanza. Volti nane zilikuwa zimeleta hodi ya mama ndani. Karibu yangu mimi haikuwa na waya wa kuitoa nje.

Sijui viatu vilikuwa wapi. Nilikimbia uwanja wote miguu mitupu, mimi ambaye ni msiba tu uliokuwa ukinitoa kitini, na nilipofika kwenye nguzo mama alikuwa ameshageuka, mgongo wake hatua kumi barabarani, kikapu cha kanga nyekundu mkononi. Kumwita kusingesaidia. Nilimpita, nikasimama mbele yake njiani kama ng'ombe.

"Shikamoo, mayu. Karibu nyumbani."

"Marahaba." Ilinibidi nisome midomo yake. "Nimebisha mara tatu."

"Nimezisikia zote tatu."

"Basi mbona hukuitika?"

"Niliitika, mama." Nikatazama chini. "Nilikuwa nimekaa."

Alifuata macho yangu mpaka kwenye miguu, yenye vumbi na mwiba mmoja ulionichoma kidole. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa anacheka, kwa sababu kicheko chake nacho kilikuwa kimepotea na ile sauti.

"Wabeja," akanong'ona, ndiyo ahsante yetu. Kisha akanionyesha nyumba kwa kidevu. "Nenda kasimame mlangoni kwako."

Nikaenda. Akarudi mpaka kwenye nguzo, akajitengeneza kitenge, akaweka kikapu mkono wa kushoto, akabonyeza kwa kidole cha shahada. Nyuma yangu kengele ikalia. Nikamkaribisha kwa mikono miwili, naye akavuka ua, akavuka uwanja, akagusa mwimo, akaingia.

Aliutazama ukuta, ile transfoma ndogo kama kopo la chai. Akatazama gunzi la darini. Halafu akazunguka meza, akakaa kwenye kiti changu, akaegemea mgongo, akavua ndala. Nilitafuta kigoda.